Yah: Hatari ya Watu Kuburudika kwa Gemu za Zamani

Kwa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, Washington

Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la maktaba na hifadhi za nyaraka zilizotaka ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu za zamani kwa njia ya mtandao. Hofu iliyobeba uamuzi huo ni kwamba gemu ikitoka nje ya jengo la maktaba, kuna watakaoicheza kwa burudani tu, na soko litaumia. Programu nyingine za kompyuta ziliruhusiwa tangu 2021, pengine kwa sababu hajaonekana mtu aliyekesha akishangilia mbele ya jedwali la mahesabu. Mtafiti wa Dodoma anayechunguza gemu ya mwaka 1987 basi aombe viza, apande ndege, aketi ndani ya jengo lenyewe, na achunge uso wake usionyeshe furaha.

Soko linalolindwa nalo linafahamika. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenye haki nazo. Kulinda mauzo ya bidhaa isiyouzwa si kazi ndogo, na Ofisi imeifanya bila kutetereka.

Kuhusu zile chache zinazouzwa, Ofisi isiwe na wasiwasi. Wenye viwanda wameishughulikia hatari ya burudani kwa mikono yao. Sony iliishtaki kampuni ya Connectix mwaka 1999 kwa kutengeneza emuleta, yaani programu inayoiga konsoli ya PlayStation kwenye kompyuta. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliipa Connectix ushindi. Sony ikainunua programu hiyo na kuizika. Kisha Desemba 2018 Sony ikatoa PlayStation Classic, kikasha cha gemu 20 kwa dola 99.99, na kumbe kilichoziendesha humo ndani ni PCSX ReARMed, emuleta huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Leseni iliruhusu, hakuna aliyeibiwa. Ila gemu tisa kati ya hizo ziliwekwa katika matoleo ya Ulaya, yaliyotengenezwa kwa televisheni za hezi 50, ambayo huenda polepole kuliko yale ya Marekani. Na hivyo ndivyo hata Wamarekani walivyouziwa. Mojawapo ilikuwa Tekken 3, gemu ya ngumi ambayo mchezaji hushinda au hushindwa kwa kufumba na kufumbua. Bei ya kikasha iliporomoka upesi.

Kampuni ya Rockstar haikubaki nyuma. Novemba 2021 ilitoa upya gemu tatu za Grand Theft Auto, baada ya kuyaondoa matoleo ya awali kwenye maduka ya mtandaoni ili mnunuzi asipate cha kulinganisha. Picha zilikuzwa kwa mashine bila jicho la mtu: nati kubwa ya pembe sita iliyopamba duka la donati, ambayo ndiyo iliyokuwa utani wa jina la duka, ilisagwa pembe zake ikawa duara tupu. Mvua ilinyesha kwa mistari mizito iliyoziba barabara. Kampuni iliomba radhi na kuyarudisha matoleo ya zamani kwa wenye kompyuta. Nintendo yenyewe iliiuza Super Mario 3D All-Stars kuanzia Septemba 2020 hadi 31 Machi 2021, kisha ikaiondoa, kana kwamba faili la kompyuta lina msimu kama embe.

Waliofika mbali zaidi ni wauzaji wa Coleco Chameleon, konsoli mpya ya katriji iliyoonyeshwa New York mwaka 2016. Picha ya kifaa hicho iliyotolewa baadaye ilionyesha kuwa ndani ya ganda la plastiki mna kadi ya kompyuta ya kunasia video, na mashabiki waliitambua mara moja. Mradi ulikufa mwaka huohuo.

Hata hivyo, mfano bora ni wa mnadani. Julai 2021, Heritage Auctions ya Texas iliuza kopi moja ya Super Mario 64 kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo si adimu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 11. Kilichonunuliwa ni karatasi ya nailoni isiyochanwa na alama za ubora juu ya kasha lililofungiwa kwenye plastiki ngumu. Mnunuzi akiicheza, thamani inayeyuka. Huo ndio uhifadhi unaotimiza masharti yote ya Ofisi.

Masharti hupitiwa kila miaka mitatu, na zamu ijayo ni 2027. Hadi hapo sehemu kubwa ya kazi itabaki kwa wanaoitwa maharamia, ambao wana tabia ya kuhakikisha gemu inachezeka kabla ya kuigawa. Ofisi inaombwa kulitazama jambo hilo kwa jicho kali.