Klachi Ianikwe Juani

Trekta likiugua Mbarali halikosi madaktari. Mtu anaweza kulala na homa hadi jioni bila hodi hata moja, lakini trekta dogo lisimame katikati ya jaruba msimu wa kuvuruga, uone: watu watatoka hata ng'ambo ya mfereji, suruali zimekunjwa magotini, kila mmoja na jina la ugonjwa mdomoni.

La kwetu lilishikwa na ugonjwa wa aibu. Asubuhi linavuruga tope vizuri tu. Jua likipanda, rotaveta inazunguka kwa mbwembwe ikiwa imeinuliwa juu, lakini ukiishusha kwenye tope inasinzia, kisha inagoma kabisa, na injini inaendelea kunguruma kana kwamba haihusiki.

"Klachi imekwisha," akatamka mzee jirani, ambaye maisha yake yote hajamiliki hata baiskeli. Shemeji akasema ni dizeli chafu. Kwa shemeji kila kitu ni dizeli chafu, pamoja na redio. Kijana mmoja akapendekeza klachi imwagiwe soda, akaombwa arudi kwenye mbuzi wake.

Ndipo akafika fundi. Huyu alikulia kwenye matrekta makubwa ya zamani, yenye klachi kavu, ambayo tone moja la oili likiipata inaanza kuteleza. Akalala chini, akalegeza nati, akachovya kidole.

"Mwalimu, nimeliona. Klachi imeingia oili! Tunalikata trekta nusu, tunatoa pleti, tunaziosha kwa petroli, tunazianika juani."

Klachi ya rotaveta kwenye trekta lile inaishi ndani ya oili. Ni pleti za msuguano na pleti za chuma zilizopangwa kwa kupishana, na presha ya oili ndiyo inayozibana zishikane. Oili hiyohiyo inaziondolea joto. Ukizianika, umemtoa samaki majini ili apumue. Nilimweleza fundi hayo kwa adabu zote, akanitazama kwa huruma, akatuma vijana wakatafute magogo ya kuegemezea trekta.

"Fundi, stiki ya oili umeiangalia?"

"Mwalimu, mimi sikufundishi hesabu."

Hapo ikabidi ninyamaze, maana kumuuliza fundi kama ameangalia kitu ni kumtukania ukoo. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua: mikono ya nyuma nayo ilikuwa inainua rotaveta kwa kushtukashtuka, na pampu ya haidroliki ilikuwa inalia. Pampu hiyo ndiyo inayoilisha klachi presha. Pleti zikilika, klachi itateleza; mikono inaumwa nini? Ugonjwa ulikuwa nyuma ya klachi: kwenye oili, filta au pampu.

Kabla magogo hayajafika, akaja fundi kijana kutoka Igurusi, amebeba geji ya presha. Geji hakuitoa hata kwenye mfuko. Alizunguka nyuma ya kiti, akauliza, "Kifuniko cha oili kiko wapi?"

Wote tukamgeukia dereva. Kifuniko kilipotea zamani. Yeye aliziba tundu kwa kipande cha mfuko wa mbolea, akafunga kwa mpira wa baiskeli, kazi safi sana kwa macho. Na kila jioni, kwa mapenzi aliyonayo kwa trekta, aliliogesha kwa ndoo za maji ya mfereji, akianzia juu.

Stiki ikatoka na oili nyeupe yenye povu. Usiku povu linatulia, ndiyo maana asubuhi trekta linaamka zima. Likishafanya kazi, maji na hewa vinachapwa upya, presha inashuka, pleti zinakosa wa kuzibana. Tukamwaga yote, tukabadilisha filta, tukaweka oili ya giaboksi na haidroliki ya matrekta, ile iliyotajwa kwenye kitabu chake, na kifuniko cha kweli. Shemeji alijitolea oili ya injini iliyobaki kwenye gari lake. Tukamshukuru. Geji ilipofungwa ikaonyesha presha inayotakiwa, hata trekta lilipopata moto.

Rotaveta ikaingia kwenye tope, ikala jaruba zima bila kusinzia. Fundi wetu wa kwanza alikuwa bado amekalia magogo yake. Akasimama, akajipangusa, akawageukia mashahidi.

"Si nilisema tangu mwanzo? Nilisema tatizo ni oili."

Mzee jirani akathibitisha kwamba alimsikia kwa masikio yake, na ikabidi tulipe ushauri, pamoja na magogo.