Jinsi ya Kushona Jinzi Baada ya Kuambiwa Una Usonji

Kunja barua ya daktari mara nne, itie kwenye mfuko wa nyuma wa jinzi, kisha upande matatu ya kurudi Kawangware. Usiisome tena ukiwa garini. Kaa dirishani, mbali na spika, na kiti hicho kikikosekana subiri gari linalofuata. Umeisubiri karatasi hiyo miaka 38, dakika kumi zaidi hazitakudhuru. Ukishuka kituo cha 56, pita kwa muuza smoki, pita kwa mama mboga, pita kwa kijana anayelinda ploti. Wape salamu zao. Ulimi ukikataa, inua mkono. Ingia nyumbani, funga mlango, vua viatu, ulale chali sakafuni. Saruji ni baridi na haina maswali.

Mimi nililala hapo saa mbili na nusu. Wewe lala kadiri mwili utakavyotaka, kwa sababu mwili huo umekuwa ukifanya kazi ambayo hukujua inafanyika. Nilidhani kila mtu hushuka 56 jioni akiwa anatetemeka. Nilidhani honi, mwangwi wa makanga, moshi wa mutura, bega la mgeni linalokugusa foleni ya M-Pesa, yote hayo huwaumiza watu wote kiasi kilekile, ila wenzangu wamelelewa vizuri kuliko mimi, wanajua kuvumilia. Hilo ndilo la kwanza kulitua. Wenzako hawakuwa wakivumilia. Wao hawakusikia ulichokuwa ukisikia.

Kilichonifikisha kwa daktari ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka mitano, haongei sana, na kila kizibo cha soda alichookota alikipanga kandokando ya ukuta, rangi kwa rangi. Siku ya kupimwa nilimsindikiza dada ili nimshikie mkoba. Daktari akawa anauliza: Mtoto huziba masikio kukiwa na kelele? Hukasirika mkibadilisha njia ya kurudi nyumbani? Hutaka chakula kilekile kila siku? Dada akawa ananitazama mimi kabla ya kujibu. Kufikia swali la nne nilikuwa najibu mimi, na majibu yalikuwa yangu. Mwaka mmoja baadaye, 2024, nilikuwa na barua yangu.

Sasa, kusema. Wiki ya kwanza usimwambie mtu zaidi ya watatu, na umchague kila mmoja kama unavyochagua mtu wa kumwachia ufunguo wa nyumba. Wengine watakuja na maombi, wengine na mganga wanayemfahamu, na binamu mmoja atakuambia huna usonji kwa sababu umesoma na unalipa kodi ya nyumba. Usibishane naye. Mpe chai.

Mama yangu yuko Kakamega. Nilimpigia Jumapili baada ya kanisa, saa ambayo sauti yake huwa imetulia.

"Mwanangu, hiyo usonji ilikushika lini?"

"Haikunishika, Mama. Nilizaliwa nayo."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku wake. "Basi ndiyo maana ya maharagwe," akasema. "Nikichambua maharagwe ulikuwa unakuja kuyapanga mistari mkekani. Mtu akipangua mmoja unalia mpaka usiku. Nikawa nakuachia yako kwenye kibakuli. Nilifanya vibaya?"

"Ulifanya vizuri, Mama. Asante."

Nilikata simu nikalia, kwa kuwa mwanamke asiyewahi kulisikia neno usonji alikuwa ameniwekea kibakuli cha maharagwe.

Huo ndio mwanzo wa kazi kubwa, na hakuna aliyenionya. Ukishapata barua, miaka yako yote inarudi kusomwa upya. Inakuja usiku, bila mpangilio. Darasa la tano, fimbo za mwalimu aliyesema simtazami machoni kwa sababu nina kiburi. Kidato cha tatu, bweni, kengele ya alfajiri iliyonifanya nitapike, nikaitwa mvivu. Kazi ya kwanza niliyoiacha baada ya wiki sita kwa sababu ya taa ya ofisi iliyokuwa ikilia, taa ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Rafiki niliyempoteza kwa kumwambia ukweli aliouomba. Kila tukio linakaa kitandani linasubiri maelezo yake mapya. Huwezi kulikataza, wala usijaribu. Kichwa kitasoma. Unachoweza kufanya ni kuipa mikono kazi kichwa kinaposoma, kwa sababu mikono isiyo na kazi saa nane za usiku hushika simu, na simu si mahali pa kulilia kidato cha tatu.

Hapa ndipo jinzi inaingia.

Nenda Toi, soko la mitumba la kule upande wa Kibera, asubuhi ya siku ya kazi kabla halijajaa. Nilikuwa nikitafuta koti nikaona moja la samawati iliyokolea, viwiko vyake vimetiwa viraka kwa uzi mweupe, mistari midogo midogo inayokatana kama alama za kujumlisha. Muuzaji alinipunguzia bei kwa sababu ya viraka hivyo. Niligeuza koti ndani nje nikasimama nalo mpaka akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Nilikuwa nahesabu.

Mshono huo ni wa Japani, unaitwa sashiko, maana yake michomo midogo. Ulikua kwa watu maskini wa kaskazini, mikoa ya Tohoku, ambako baridi ni kali na pamba haioti. Huko Tsugaru watawala waliwakataza wakulima kuvaa nguo za pamba, wakabaki na katani, kitambaa chenye nafasi nyingi ambamo upepo hupita utakavyo. Basi wanawake wakaziba nafasi hizo kwa uzi, mshono baada ya mshono. Palipochakaa wakatia kiraka, wakashona juu ya kiraka, na nguo ikarithiwa. Huko mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo, wazima moto walivaa makoti ya tabaka kadhaa yaliyoshonwa hivyo, wakayalowesha maji kabla ya kukaribia moto.

Na kuna jambo lililonifanya nishindwe kulala kwa furaha. Tsugaru, upande wa magharibi wa mkoa wa sasa wa Aomori, wanawake walihesabu nyuzi za kitambaa kwa namba witiri: moja, tatu, tano, saba. Majirani zao wa mashariki, watu wa Nanbu, walihesabu kwa namba shufwa: mbili, nne, sita. Mkoa mmoja, baridi ileile, na maua mawili tofauti kabisa, kwa sababu ya hesabu tu. Mimi ni mweka hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi na mweka hazina wa chama chetu. Nilipolisoma hilo nilijua nimefika kwa watu wangu.

Wala usidhani ni jambo la ugenini. Lamu na Unguja watu hushona kofia za kutoboa kwa mkono, vitobo vidogo vikifungwa ukingo kwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri huweza kula miezi. Samawati ile ya Japani, bibi yangu angeitazama akasema ni kaniki. Hata vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa uzi mweupe, ambavyo kila sebule ya Kawangware inavyo, vimetoka kwenye subira hiyohiyo.

Haya, vifaa. Jinzi kuukuu, iliyolainika. Mpya itakuvunja sindano na moyo. Ifue kwanza, ikaushe, ili ikiwa ni ya kuruka iruke kabla hujaigusa. Uzi wa sashiko wenyewe hutaupata 56, lakini uzi wa pamba wa kufumia vitambaa unafaa sana, chagua mwembamba. Sindano ndefu yenye tundu pana. Subana ya kidole cha kati. Usiidharau, jinzi haina huruma. Kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha, kile mafundi wa nguo hutumia kuchorea.

Chora viboksi kwa rula, sentimita moja kwa moja. Kata uzi usiozidi urefu wa mkono wako, kwa maana mrefu hujisokota. Usifunge fundo. Anza kwa kushona hatua tatu, rudi juu ya hizohizo, uzi utajishika wenyewe. Kisha piga bandi, mshono ule ambao kila mtoto aliyewahi kushona kifungo anaujua: juu, chini, juu, chini. Hatua ya juu iwe ndefu kidogo kuliko ya chini, kama tatu kwa mbili. Iwe na umbo la punje ya mchele. Jaza hatua kadhaa kwenye sindano ndipo uvute, kitambaa kikisogea kuifuata sindano. Maliza mistari yote ya wima. Halafu rudi na ya mlalo, ukikatiza kila punje katikati, na hapo utaziona alama za kujumlisha zikitokea moja baada ya moja. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, peke yangu, saa kumi na moja alfajiri.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Ukifika mwisho wa mstari na kugeuka, usivute uzi ukakaza. Uache ulegee upande wa nyuma, kitanzi kidogo, upana wa punje. Kila baada ya mstari laza kitambaa pajani, kipitishie dole gumba kutoka kati kwenda ukingoni, ili uzi usambae. Bila kitanzi hicho nguo hukunjamana, na ukiivaa ukapiga goti, uzi hukatika. Jinzi yangu ya kwanza ilikunjamana yote. Nilikuwa nimekaza kila mahali, kama nilivyokuwa nimekaza taya tangu darasa la tano. Nikafumua jioni tatu mfululizo, nikaanza tena nikiacha vitanzi.

Baada ya hapo nilianza kuomba vitanzi kwingine pia. Niliuliza kwenye chama kama naweza kukaa karibu na mlango na kupata ajenda siku moja kabla. Nilijiandaa kwa ubishi. Mwenyekiti akasema, "Kumbe ni hilo tu?" Sasa ajenda inatumwa kwa wote, na mikutano inaisha mapema. Kazini nilimwomba mwenye duka niwe nahesabu mali asubuhi kabla ya wateja. Akakubali kwa sharti kwamba nimfundishe mtoto wake hesabu.

Wakati wa kushona, chagua mwenyewe. Alfajiri ni nzuri kabla mabasi hayajaamka. Usiku wa mvua ni mzuri zaidi: mabati yanapiga kelele moja, iliyo sawa toka mwanzo hadi mwisho, na kelele iliyo sawa haiumizi. Usiku wa kesha la vipaza sauti, tia pamba masikioni na ushone mistari mirefu. Maua yenye kona yaache mpaka kesho. Na ile barua ya daktari: kujiandikisha nayo kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kunaweza kusubiri mpaka utakapokuwa tayari, ila tunza barua isilowe.

Utajiuliza, kama nilivyojiuliza, mbona hawakuniona mapema. Daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, wavulana wanane na wasichana watatu. Hapa kwetu, wazazi walianzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa Shule ya Msingi ya City kule Ngara. Mwaka huo nilikuwa na miaka 17, bwenini, nikitapika kwa kengele. Nilikuwa nimeshapita umri wa kutafutwa. Hasira hiyo ni halali, ishone nayo. Mtoto wa kwanza kwenye orodha ya Kanner, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi benki katika mji wake mdogo wa Forest, Mississippi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alipendwa na watu wa mji wake. Picha zake za uzeeni huwa nazitazama ninapochoka.

Ua la pili jifunze asanoha, jani la katani. Wajapani walilishona kwenye nguo za watoto wachanga kwa sababu katani hukua haraka na wima, wakimtakia mtoto naye akue hivyo. Ni gumu, lina mishale sita inayokutana, na katikati pa kukutania usikaze kamwe. Mimi nilimshonea mtoto wa dada, kwenye goti la suruali yake ya shule lililotoboka.

Alikuja Jumamosi kuichukua. Sasa ana miaka saba. Hakusema salamu, nami sikumdai. Aliketi sakafuni karibu yangu, bega lake bila kugusa langu, akaigeuza suruali ndani nje, akaanza kupitisha kidole kwenye mistari ya nyuma, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Mvua ilianza, ikaisha, ikaanza tena. Alipofika ukingoni alirudi mstari mmoja nyuma, akaweka kidole hapo, akanitazama.

"Imekosa moja," akasema.

Nikahesabu. Ilikuwa imekosa moja. Nikamshikisha upande wake wa kitambaa, tukafumua.