Marahaba ya elfu ishirini

Mwenye nyumba akikuitikia shikamoo kwa marahaba ndefu, akauliza watoto hawajambo, akauliza na mama watoto, wewe tafuta pa kukaa. Kodi imepanda. Mimi alinikuta naenda kuoga, ndoo mkononi, taulo kiunoni. Ndiyo saa anazozipenda. "Mwanangu, maisha yamepanda." Na mimi kwa adabu zangu nikajibu, "Kweli mzee, yamepanda sana." Basi, kesi imekwisha hapo. Themanini badala ya sitini kwa mwezi, miezi sita mkononi. Piga hesabu mwenyewe: laki nne na themanini. Nimesimama na povu la mswaki mdomoni.

Huku kwetu Mbagala kila kitu kinapandisha kodi isipokuwa mshahara wangu. Walijenga barabara ya mwendokasi. Ikakaa pale miaka, pana, safi, haina basi hata la kupotea njia. Kodi haikusubiri basi, ilipanda siku ile ile ya lami. "Sasa hapa ni mjini," mzee akasema. Nikapaka rangi chumba kwa hela yangu. Nikaziba nyufa. Nikabadilisha kitasa, kile cha zamani kilikuwa kinafunguka kwa kijiko. Mzee akaja, akasimama mlangoni, akatabasamu hadi nikaogopa. "Sasa hiki ndicho chumba!" Rangi yangu, brashi yangu, mgongo wangu. Chumba chake.

Halafu kuna LUKU. Mita moja, nyumba nzima. Tunachanga, na mkusanyaji ni mimi, kwa sababu sina sura ya kukataa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo. Ilianza buku kwa mwezi, 2023 ikawa buku jero. Yaani nalipa kodi ya kukaa kwenye nyumba, halafu nachangia na kodi ya kuwa nayo. Tuliambiwa mpangaji aelewane na mwenye nyumba wake arudishiwe. Tumeelewana vizuri tu. Mimi nalipa, yeye anaelewa.

Nikapeleka kilio kijiweni. Pale kuna fundi viatu anajua sheria zote, ndiyo maana viatu haviishi. Akaniambia: "Hawezi kukupandishia kienyeji. Kuna sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Kuna baraza. Mwandikie!" Mimi sheria sizijui, na sijaona aliyezijua akapunguziwa kodi. Lakini hilo neno baraza lilinipa nguvu. Nikanunua karatasi yenye mistari. Nikaandika anwani zote mbili. Nikaandika YAH: MAOMBI YA KUTOPANDISHIWA KODI, nikapigia mstari kwa rula ya mtoto. Nikamchomekea sheria ya 1984 katikati, kama pilipili kwenye muhogo. Nikapitisha chini ya mlango wake, nikakimbia.

Sasa mzee ni mwalimu mstaafu.

Barua ilirudi jioni imejaa wino mwekundu. Koma ameweka yeye. "Taadhari" ameongeza h. Pembeni ya sheria ya 1984 kaandika: "Ilifutwa 2005. Siku hizi ni makubaliano ya mkataba. Soma." Nisome wapi? Mkataba wenyewe ni ukurasa wa daftari, na anao yeye. Chini kabisa: 38/100. Chini ya hapo tena: 80,000/=. Mwanangu wa darasa la nne ndiye aliyeipokea mlangoni. Akaisoma yote. "Baba, mbona na mwandiko amekukata?"

Nikaona bora nimfuate tuongee kiume. Nikapiga shikamoo mlangoni. Akanipa kigoda kifupi kuliko kiti chake, akaanza kunifundisha. Eti mimi nalalamika, mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na Msajili naye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Moyo ukanidunda. Nikamuuliza kwa upole kama hii yetu hawaifikirii. Akacheka hadi akakohoa. "Hii yangu isingefika laki!" Nikaona upenyo. "Sasa mzee, kama nyumba nzima haifiki laki, mimi chumba na sebule themanini inatoka wapi?" Akavua miwani. "Shilingi ya 1971, mwanangu." Nikaaga. Na kile kigoda, kunyanyuka tu kulihitaji mtu wa kunivuta. Alinivuta yeye.

Mke wangu akasema kama ni hivyo tuhame. Nikampata dalali, kijana ana simu tatu na zote zinaita. Akachukua elfu kumi ya kuonyesha, hiyo hairudi hata chumba kikiwa kaburi. Cha kwanza hakina dirisha. Anasema ndiyo baridi yake. Cha pili choo kinachangiwa na fremu ya chipsi. Jua linawaka, kandambili imekatika, nimeishika mkononi. Akaniambia ametunza kitu kizuri mwisho. Chumba na sebule, rangi mpya, kitasa kipya, mpangaji anatoka maana anasumbua watu na barua. Elfu tisini.

Tukakata kona, tukakata nyingine. Nikaona ndoo yangu.

Mzee alikuwa barazani. Nikapiga shikamoo, marahaba ikawa fupi safari hii. Nikasema themanini nalipa, tena nalipa leo leo, nimeshajua pa kukopa, kausha damu wapo jirani na msikiti. Mzee akaridhika. Tukapeana mikono. Dalali naye akanyoosha wake. Nikadhani ananipongeza. Anadai udalali wa mwezi mmoja, kwa sababu nyumba amenipatia yeye.