Ufunguo wa Akiba Upo, Usijali

Himo ni njia panda: huku Moshi, kule Holili na Taveta, juu Marangu na Rombo, chini Mwanga hadi Dar es Salaam. Ukisahau ufunguo ndani ya gari kuukuu la abiria aina ya Noah hapa, washauri watakujia kutoka pande zote.

Kwanza watauliza wa akiba uko wapi. Uko salama kabisa, ndani ya dashibodi ya gari hilo hilo. Kisha atatokea kijana na waya wa hanga, aupitishe penye mpira wa kioo, na kabla hujakubaliana bei mlango uko wazi. Watu watashangilia. Hakuna atakayemuuliza ufundi huo kajifunzia kwenye magari ya nani.

Wazoefu huazima tu ufunguo wa jirani. Visahani vya ndani ya kitasa vimelika tangu Japani, kwa hiyo havibagui mgeni. Wengine huenda kuchongesha mpya kwa kufuatisha ule uliolika, wakarudi na uchakavu unaong'aa. Na gari likiwa na chipu, nakala hiyo itafungua mlango kwa heshima zote, halafu injini igome.

Mlango wa abiria nao una sheria zake.

"Mama, usibamize!"

Mama anaufunga taratibu. Haushiki.

"Sasa bamiza basi, mama!"

Ukigoma kabisa, abiria wa pembeni anakabidhiwa kamba aushikilie hadi Marangu. Nauli yake ni ile ile.