Paka ni Sambaza

Mwaka 2008 Rwanda iliamua shule zake ziache Kifaransa zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo nayo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi wa Bukavu tukajikuta ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kuna watoto wa shule wanaotushinda maneno ya Kiingereza. Ndiyo maana kila jioni tulibanana kwenye benchi huko Nguba: mimi, papa mmoja mstaafu wa forodha, na mama wa soko la Nyawera anayeuza samaki wadogo waitwao sambaza, tukimsikiliza Prof, mwalimu wetu wa Kiingereza, akichambua vitenzi.

Kitenzi elekezi kinadai cha kutendwa. Sielekezi kinajitosheleza. Kishirikishi hakitendi lolote, ni mshenga tu, kazi yake kumkutanisha mtu na sifa zake. Hapo tulielewana. Kasheshe ni kwamba kwetu kitenzi hujitambulisha kwa mkia, vunja na vunjika, lakini Mwingereza husema "he broke the glass" na "the glass broke" kwa broke ileile, na mtoto mtundu anapona.

Prof akatupa dawa ya kukitambua angalau kishirikishi: ondoa kitenzi, weka "is". "The sambaza tastes good" ikibaki na maana, hicho ni kishirikishi.

Papa akanyoosha mkono. "Na 'the cat tasted the sambaza'?"

"Weka 'is', Papa."

"Paka ni sambaza."

"Umeona? Maana imeharibika. Basi si kishirikishi."

"Haijaharibika, Prof. Mwanzo walikuwa wawili. Sasa mle ndani yuko mmoja."

Darasa zima likamuunga mkono, mama kwa uchungu zaidi, maana paka wa aina hiyo anawajua. (Sambaza wenyewe walihamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakalizoea Ziwa Kivu bila darasa la jioni.)

Mama alikuwa na kibao chake tayari: "My sambaza smells." Alikusudia wananukia. Prof akashika kichwa: kitenzi hicho kikiachwa peke yake, samaki wananuka, tena vibaya. "Ongeza neno moja tu mbele yake, Mama."

Mama ni mtu wa kujali wateja. Kesho yake kibao kilisomeka: "My sambaza smells you." Wanakunukia wewe, mteja, alivyoeleza. Papa wa forodha alipopita akakisoma, akajinusa kwapa kwanza, halafu akanunua mafungu mawili.