Wafe, Ramani Ibaki

Binti yangu Salma alipiga ukelele saa mbili na nusu usiku, nyumba nzima iko gizani. Umeme wa Luku umeisha, simu ya mama yake inasubiri tokeni isiyokuja, na taa ya kijani ya kimashine chake imegeuka nyekundu.

Kimashine chenyewe ni Nintendo DS kuukuu, mjomba wake alimletea kutoka Muscat. Gemu ni Etrian Odyssey ya 2007, kazi ya kampuni ya Atlus ya Japani, na kwangu mimi hakuna iliyozitumia skrini zile mbili vizuri kuishinda. Juu unaona ujia ulio mbele yako, kama unayetembea humo mwenyewe. Chini ni karatasi tupu ya miraba. Ukuta unauchora wewe kwa kijiti, na mlango unauweka wewe. Waliocheza Wizardry kwenye kompyuta ya Apple II mwaka 1981 walifanya hivyo kwa penseli na daftari, maana kila ghorofa ilikuwa ya miraba 20 kwa 20 na hakukuwa na wa kukuchorea. Gemu inayokuchorea kila kitu inakunyang'anya nusu ya utamu.

Kikosi kina watu watano, nasi tuko watano. Mimi nabeba ngao, mke wangu upanga, mwanangu Idi upinde, Salma ndiye mganga, na Bibi, yaani mama yangu, anarusha moto. Kijiti anashika Salma, lakini kona zote Bibi anazo kichwani, na palipotuua mara ya kwanza Idi aliomba paandikwe USIPITE.

Usiku ule tulikuwa ghorofa ya saba chini ya ardhi, karibu yote imeshachorwa. Sasa, gemu hii huwezi kuihifadhi popote upendapo. Sharti urudi mjini, kwenye nyumba ya wageni. Dukani kunauzwa Uzi wa Ariadne unaokurudisha mara moja. Safari hii Idi ndiye aliyefanya manunuzi, akachukua upinde mpya.

"Hela hazikutosha vyote viwili," akasema, machozi yanamlengalenga.

Ngazi zilikuwa mbali, na njiani kuna F.O.E. Hayo ni madude yanayoonekana kwenye ramani kama duara la rangi. Ukipiga hatua, nalo linapiga. Ukikwama vitani na mnyama mdogo, lenyewe linazidi kusogea.

"Baba, tukimbie!"

"Chaji haitatufikisha, mama."

Hapo mke wangu akauliza, "Hivi juzi tulipokufa, si kiliuliza kama tunataka kuhifadhi ramani?"

Kweli kabisa. Kikosi kikiangamia unapoteza ulivyookota vyote na nguvu zote ulizoongeza tangu ulipohifadhi, lakini ramani unaruhusiwa kubaki nayo.

"Basi wafe," akasema. "Ramani ibaki."

Salma akakataa katakata. "Na Bibi naye afe?"

"Lifuate lile dude, mjukuu wangu," Bibi akamjibu. "Jioni nzima umechora, isipotee bure."

Salma akageuka, akalifuata duara. Hakumponya mtu. Bibi alianguka wa kwanza, kisha Idi, kisha Salma mwenyewe, kisha mama yao. Mwenye ngao hafi upesi, na zamu zile za mwisho zilikuwa ndefu kuliko vita vyote tulivyowahi kupigana, sote tumeinama juu ya ile taa nyekundu. Hatimaye nikaanguka. Swali likatokea. Salma akabonyeza ndiyo, akaangalia mpaka kimemaliza kuandika, na hakikuchukua muda kikazima.

Tokeni ilikuja saa nne. Tulipowasha, ghorofa ya saba ilikuwepo yote, kona kwa kona, hata USIPITE ya Idi. Na kwa kuwa tulihifadhi kabla ya kwenda dukani, hela za upinde zilikuwa zimerudi mfukoni. Idi akanunua nyuzi mbili. Upinde ulisubiri hadi Jumamosi, tulipouza ngozi na magamba ya kutosha.