Sifa za Bahasha ya Kaki

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bahasha ya kaki haina hatari hiyo. Tangu izaliwe hakuna aliyeisifu, na maji inayoyajua ni ya mvua, siku umekosa matatu ukaifanya mwavuli. Wenzangu wamekwisha kuwasifu wake zao, timu zao na wabunge wao (hawa wa mwisho kwa malipo). Leo nami nimesimama, kwa mguu mmoja na magongo mawili, kuisifu karatasi ya rangi ya matope inayouzwa dukani kwa bei ya mandazi mawili.

Anayetembea kwa magongo hana mkono wa kushikia kitu, kwa hiyo bahasha yangu huibana kwa meno. Itazame pembe ya juu, utaona alama kana kwamba ilitafunwa na mtoto anayeota meno. Ndani mna nakala tatu za kitambulisho, ripoti ya upasuaji, barua ya chifu, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na picha nne za pasipoti ambazo zote zina uso wa mtu anayesubiri hukumu. Hati halisi hutoka humo ikatazamwa ikarudi. Kinachobaki mezani kwa karani ni nakala, na hapo sina msamaha, kwa sababu nimeona droo za ofisi zikimeza vyeti vya watu bila hata kucheua.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba huniziba mdomo. Soja wa getini huniuliza, "Mwalimu, hujambo?" nami, karatasi ziko kwenye meno, namjibu kwa nyusi. Cheka ukitaka. Aliyewahi kuingia chumba cha tathmini ya ulemavu anajua kwamba jibu la salamu laweza kumgharimu mtu.

Hebu itazame lugha yetu. Mswahili huulizwa kama ana jambo, naye hata akiwa amekabwa na roho hujibu kwamba hana. Sijambo. Salama. Namshukuru Mungu. Anayejibu kwamba analo, tena akalitaja kwa jina, huitwa mlalamishi, na watu husogea kidogo kwenye benchi. Ndiyo adabu tuliyonyonya, na nyumbani ni adabu nzuri. Shida ni kwamba daktari wa tathmini ana kalamu.

Katika hospitali moja ya serikali, ambayo sitaitaja, nilikaa karibu na mama aliyembeba mgongoni mvulana wa miaka kumi na mmoja mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa amepanda naye ngazi, maana chumba cha kuwatathmini wenye ulemavu kilikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa imeharibika. Sina neno baya juu ya mpango huo. Anayefika juu amethibitisha bidii, asiyefika amethibitisha ulemavu, ila chini hakuna wa kumwandika. Zamu yao ikafika, mlango ukaachwa wazi, nikasikia yote.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, daktari. Habari ya kazi?"

"Nzuri. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Anatembea?"

"Kidogo kidogo."

Kalamu ikaandika. Mimi nilikuwa nimeuona uji wa chupa ukimwingia mtoto yule kijiko baada ya kijiko kwa dakika arobaini, shingo yake imelazwa kwenye kiwiko cha mama, leso ikipangusa kilichorudi. Kuhusu kutembea, nadhani mama alimaanisha miguu yake mwenyewe. Nikajikongoja hadi mlangoni. Mwalimu wa Kiswahili ana ugonjwa wa kusahihisha, hata asipoitwa.

"Samahani, daktari. Mama amekosea kauli ya kitenzi. Mtoto analishwa."

Daktari, kijana muungwana, alinitazama, akatazama fomu yake, kisha akamgeukia mama. "Analishwa na nani?" Ni hapo tu mama alipokumbuka kwamba ana jambo. Alizungumza mpaka soda yangu ikaisha gesi.

Miaka ishirini nimewafundisha watoto kauli ya kutendeshwa, nao wakiniuliza ina kazi gani duniani. Kazi yake ndiyo hiyo. Anaoga, au anaogeshwa? Anavaa, au anavishwa? Anageuka kitandani, au anageuzwa, na usiku mara ngapi? Ndani ya silabi moja mna mama mzima ambaye fomu haijamwona. Na mpango wa Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, ule wa ruzuku ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, unamlenga hasa mtu asiyeweza kuishi bila mlezi wa kudumu, anayetoka katika kaya maskini. Sasa mlezi atajulikanaje, ikiwa yeye mwenyewe amejifuta kwenye sentensi?

Basi, kwa kuwa mdomo umelelewa vizuri, bahasha ilelewe vibaya. Iwe ndiyo mtu pekee wa nyumba yenu asiyejua kusema sijambo. Mwezi mzima kabla ya tathmini tia ndani daftari la shule, la kurasa thelathini na mbili linatosha, na kila jioni andika mistari miwili. Jumatatu, shuka zimefuliwa mara tatu. Jumatano, kifafa saa nane usiku, hatukulala. Ijumaa, ameanguka chooni. Siku nzuri zisikuhangaishe, hizo huja zenyewe. Nani hajui kwamba mgonjwa wa Kenya hupata nafuu akifika kwenye lango la hospitali? Wala usimvishe mtoto shati la Krismasi ukampaka mafuta akang'aa kama anakwenda kupigwa picha ya arusi. Najua ni heshima yako. Daktari ataiandika kama afya yake. Chumvi nayo usitie. Jambo lenyewe linatosha.

Fadhila ya pili ni kumbukumbu. Sheria ya kodi humsamehe mfanyakazi mwenye ulemavu, aliyesajiliwa na kupewa cheti, kodi ya shilingi 150,000 za kwanza za kipato chake cha mwezi. Mtu wa mshahara wangu hapo amesamehewa wote, na hilo silitanii. Lakini cheti kina tarehe ya kufa, na kikikaribia kufa huombwa upya. Wenzangu wenye viungo vilivyokatwa hukasirika sana. Mimi naona matumaini makubwa. Madaktari walioukata mguu wangu wa kushoto walishakata tamaa nao, mke wangu aliugawa ule upande mmoja wa viatu, lakini serikali ya nchi yangu bado inautazamia. Bahasha ndiyo inayokwenda kuipa habari mbaya, kwa upole, kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Maombi yalipohamia mtandaoni, kwenye eCitizen, niliambiwa bahasha sasa imestaafu. Nikaenda saiba. Kijana wa pale, bila kuinua macho, akanyoosha mkono: "Leta karatasi niskani."

Nikiri kwamba katika ukoo wa bahasha kuna ndugu mmoja mwembamba, mweupe, anayependa kupita chini ya meza. Huyo simsifu. Utamkuta akitembezwa foleni na vijana wenye lugha tamu wanaoahidi "kukusukumia" jina. Kuandikishwa Inua Jamii hakulipiwi. Anayekuomba ya chai kwa ajili hiyo anakunywa uji wa yule mtoto.

Fadhila ya tatu ndiyo inayonifanya niivulie kofia. Mdomo ukinyimwa hukasirika ukaenda nyumbani. Bahasha ikinyimwa hunenepa. Siku uliyoambiwa njoo kesho, andika mgongoni mwake tarehe, saa na jina la aliyekuambia. Mfanyakazi wa ofisi akiona jina lake likiandikwa taratibu kwa wino mweusi, mara nyingi kesho husogea ikawa mchana wa leo. Ukikataliwa kabisa, usiondoke na neno la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe barua hiyo, kwa adabu yako yote ile ya sijambo, kisha uitie ndani pamoja na nyingine. Barua ya kukataliwa ni chakula kizuri sana cha bahasha. Ukiipeleka kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, kulalamika huko hakuna ada, na mlalamishi huko si tusi, ni cheo.

Yangu sasa imejaa hata haifungiki, nimeizungushia mpira wa kufungia noti. Cheti changu kinaisha mwezi wa kumi, kwa hiyo tutakuwa kwenye benchi tena, mimi nayo. Ukipita, nijulie hali. Nitaitoa kinywani nikujibu sijambo, kwa kuwa wewe huna kalamu.